Ishara inayorudi kwenye kebo: namna ya kuipima, kuisoma na kuituliza

Kuna hitilafu moja inayosumbua mafundi kwa sababu kila kipande ukikipima peke yake unakikuta kizima. Kifaa ni kizima, kebo ina mawasiliano mwanzo hadi mwisho, na cha upande wa pili nacho hakina kasoro. Ukiviunganisha kwa kebo ya nusu mita, kazi inakwenda. Weka kebo ya mita 20 na data inaanza kuharibika, picha inapata kivuli, au transmita inajipunguzia nguvu yenyewe. Mara nyingi mhusika ni mwakisiko: ishara imefika mahali ambapo impedansi (uwiano wa volti na mkondo wa wimbi) inabadilika, sehemu yake ikapita, sehemu yake ikageuka na kurudi ilikotoka.

Wengi wakishasikia hivyo hukimbilia kuchomeka rezista mwisho wa kebo na kuomba mambo yatulie. Wakati mwingine yanatulia kweli, lakini ni kubahatisha. Mwangwi wenyewe umebeba habari zote unazohitaji. Muda uliochukua kurudi unakuambia tatizo liko wapi, alama yake, chanya au hasi, inakuambia ni tatizo la aina gani, na ukubwa wake unakuambia kama linastahili kuhangaikiwa. Kwa hiyo tunaanza kwa kuusoma, dawa baadaye.

Hatua ya 1: Jiulize kama kebo yako ni ndefu kweli

Urefu unaohesabika hapa hupimwa kwa muda. Kwenye kebo ya koaksia yenye plastiki ngumu ndani, kama RG-58, ishara husafiri kwa takriban asilimia 66 ya kasi ya mwanga, yaani nanosekunde 5 kwa kila mita. Kebo za povu zina kasi zaidi, karibu nanosekunde 4 kwa mita. Kwenye bodi ya saketi ya nyuzi za kioo ni kati ya 6 na 7.

Sasa linganisha muda wa safari na muda ambao ishara yako hutumia kupanda kutoka chini hadi juu. Ikiwa safari ya kwenda tu haifikii hata moja ya sita ya muda wa kupanda, mwangwi unarudi wakati ishara bado inapanda, unamezwa humo, na huna la kuhofia. Ikiwa safari ya kwenda na kurudi inazidi muda wa kupanda, mwangwi utauona wazi. Katikati ya hapo ni eneo la tahadhari.

Angalia kwamba sijataja masafa ya saa ya mfumo. Hili huwaponyoka hata wazoefu. Chipu inayowasha na kuzima taa mara moja kwa sekunde inaweza kuwa na muda wa kupanda wa nanosekunde 1, na kwa ishara hiyo waya wa sentimita 3 kwenye bodi tayari ni mrefu. Ukibadilisha chipu ya zamani kwa toleo jipya la namba ileile, lenye kasi zaidi, saketi iliyotulia miaka mingi inaweza kuanza kuleta matatizo bila mtu kugusa waya hata mmoja.

Kwa mawimbi laini ya redio hesabu ni ya urefu wa wimbi: kebo inayozidi moja ya kumi ya urefu wa wimbi ichukuliwe kuwa ndefu. Kwenye megahezi 100, wimbi ndani ya RG-58 lina urefu wa mita 2, kwa hiyo sentimita 20 zinatosha kuleta mambo. Kwenye sauti ya kilohezi 20, wimbi hilohilo lina kilomita 10. Ndiyo maana fundi wa sauti jukwaani hana haja ya kulinganisha impedansi ya kebo ya maikrofoni, hata akiambiwa na muuza kebo za bei mbaya.

Hatua ya 2: Ijue impedansi ya kebo, na uiweke multimita pembeni

Kebo iliyoandikwa omu 50 ukiipima kwa multimita, mwisho ukiwa wazi, itakuonyesha hakuna mawasiliano kabisa. Ukiufunga mwisho kwa kipande cha waya itakuonyesha sehemu ndogo ya omu. Hizo 50 haziko popote kwenye shaba. Zinatokana na uwiano kati ya indaktansi na kapasitansi ya kila mita ya kebo:

Z₀ = √(L ÷ C)

RG-58 ina takriban nanohenri 250 na pikofaradi 100 kwa mita. Gawanya, toa kipeuo cha pili, unapata 50. Maana yake ni kwamba wimbi linaposafiri ndani ya kebo hii, kila volti 1 inaambatana na mkondo wa miliampea 20, iwe kebo ina mita 2 au kilomita 2. Unene wa waya wa kati, umbali wake hadi kwenye wavu wa nje na aina ya plastiki iliyo katikati ndivyo vinavyopanga namba hiyo. Ukiikandamiza kebo kwa mguu wa meza, waya wa kati unakaribia wavu, kapasitansi inapanda, impedansi inashuka mahali hapo tu. Umeshatengeneza kiakisi.

Namba za kukumbuka: vifaa vya redio na vya maabara ni omu 50, antena za televisheni na video ni 75, kebo ya mtandao wa Ethernet ni 100 kwa kila jozi, USB ni 90, na njia za data za RS-485 na CAN, ambazo vifaa vingi huzitumia kwa pamoja, ni 120. Ukiikuta kebo isiyo na maandishi, usikisie. Hatua ya 5 ina njia ya kuipima.

Konekta nazo zina impedansi. BNC za omu 50 na 75 huingiana bila kuumizana, kwa hiyo huchanganywa kila siku bila mtu kujua. Konekta za aina ya N si za mzaha: pini ya dume la 50 ni nene kuliko tundu la jike la 75, na ukisukuma utalipanua lisishike tena.

Hatua ya 3: Kadiria mwangwi kabla ya kuuona

Tuchukue wimbi la volti 1 ndani ya kebo ya omu 50. Linakuja na miliampea zake 20. Mwisho wa kebo kuna mzigo wa omu 100, na mzigo huo kwa volti 1 unakubali miliampea 10 tu. Haziendi pamoja, na sheria ya Ohm haina msamaha pande zote mbili. Linalotokea ni kwamba wimbi la pili linazaliwa pale pale na kurudi nyuma, likiwa na volti 0.333 na mkondo wa miliampea 6.67 unaoelekea kinyume. Jumlisha: kwenye mzigo kuna volti 1.333 na miliampea 13.33. Gawanya, unapata omu 100 kamili. Kila upande umepata haki yake.

Fomula inayotoa namba hiyo ni fupi:

Mgawo wa mwakisiko = (Zʟ − Z₀) ÷ (Zʟ + Z₀)

Zʟ ni mzigo, Z₀ ni kebo. Kwa 100 na 50, ni 50 ÷ 150, yaani 0.333. Mzigo ukiwa mkubwa kuliko kebo, mwangwi ni chanya. Ukiwa mdogo, ni hasi. Mwisho uliokatika unarudisha wimbi zima kama lilivyo (+1), na mwisho uliogusana unalirudisha zima likiwa limepinduliwa (−1). Mzigo ukilingana na kebo, jibu ni sifuri, na wimbi linazama bila kurudi.

Kwa nguvu, unazidisha mgawo kwa wenyewe. Kifaa cha omu 75 kwenye kebo ya 50 kina mgawo wa 0.2, kwa hiyo kinarudisha asilimia 4 tu ya nguvu. Upotevu huo ni desibeli 0.18, ambao hakuna sikio wala jicho litakaloutambua. Hapa ndipo penye busara ya kazi hii: si kila kutolingana ni ugonjwa. Asilimia 4 kwenye redio ya kupokea ni ya kupuuzwa. Asilimia 20 hiyohiyo ya volti kwenye ishara ya data, ikirudi wakati mbaya, inaweza kuleta kero.

Hatua ya 4: Fuata wimbi likienda na kurudi

Mwangwi mmoja haujawahi kumtesa mtu sana. Mateso huja unaporudi kwenye chanzo, ukakuta nako hakulingani, ukageuzwa tena. Hesabu hii ifanye kwa mkono walau mara moja, kwa sababu baada ya hapo picha za osiloskopu zitaanza kusomeka.

Chukua chipu ya volti 3.3 yenye omu 25 za ndani, inayosukuma kebo ya omu 50 ya mita 2. Mwisho wa kebo kuna pembejeo ya chipu nyingine, ambayo kwa vitendo ni kama mwisho ulio wazi. Safari moja ni nanosekunde 10.

Mwanzoni chipu haioni kilichoko mwisho. Inaona omu 50 za kebo tu. Volti inayoingia ni 3.3 × 50 ÷ 75, yaani 2.2. Baada ya nanosekunde 10 inafika mwisho, inarudishwa nzima, na pembejeo inaona jumla: volti 4.4. Mwangwi wa 2.2 unarudi hadi kwenye chipu, ambako mgawo ni (25 − 50) ÷ 75, yaani −0.333. Unapinduliwa kuwa −0.733 na kutumwa tena mbele. Kwenye pembejeo mambo yanakwenda hivi:

nanosekunde 10: volti 4.40
nanosekunde 30: volti 2.93
nanosekunde 50: volti 3.42
nanosekunde 70: volti 3.26

Inayumba hadi inatulia kwenye 3.3. Ile 4.4 inazidi kiwango ambacho pembejeo nyingi za volti 3.3 zinakipenda, lakini kimantiki bado ni “juu” muda wote, kwa hiyo saketi inaweza kufanya kazi.

Sasa badilisha chipu uweke yenye nguvu zaidi, ya omu 10 za ndani. Wimbi la kwanza ni 2.75. Pembejeo inaona 5.5, kisha nanosekunde 20 baadaye inaporomoka hadi 1.83, ndipo inapanda tena hadi 4.28. Kwa familia nyingi za lojiki za volti 3.3, chochote chini ya 2.0 na juu ya 0.8 hakina maana ya uhakika. Ikiwa waya huu unabeba saa ya mfumo, kihesabio upande wa pili kinaweza kuona mipigo miwili mahali ulipotuma mmoja. Na mtu aliyeweka chipu yenye nguvu zaidi alidhani anasaidia!

Hatua ya 5: Utazame mwangwi kwa macho

Unahitaji osiloskopu, jenereta ya mipigo yenye omu 50 za ndani na konekta ya T. Kama huna jenereta yenye kasi, geti moja ya lojiki ya familia ya 74AC yenye rezista inayofikisha jumla ya omu 50 kwenye tokeo lake itakupa ukingo mkali wa kutosha.

Chomeka T moja kwa moja kwenye pembejeo ya osiloskopu, bila waya wa kuongezea. Osiloskopu iwe kwenye megaomu 1, kwa kuwa hapa inatazama tu, haitakiwi kunywa ishara. Upande mmoja wa T uingize jenereta kwa kebo fupi, upande mwingine ndio kebo unayoichunguza. Mpigo uwe mpana kuliko safari nzima ya kwenda na kurudi. Kabla ya chochote, tenganisha vifaa vyote na uhakikishe hakuna umeme unaopita kwenye kebo hiyo. Osiloskopu iliyoungua haipimi kitu.

Tuseme jenereta ikiwa peke yake inatoa volti 2. Ukiunganisha kebo ya omu 50, skrini itaruka hadi volti 1 na kukaa hapo kama ngazi. Ngazi hiyo ya kwanza ndiyo impedansi ya kebo yenyewe. Kebo isiyojulikana ikikupa 1.2, hesabu: 50 × 1.2 ÷ (2 − 1.2). Jibu ni 75. Umeijua kebo bila kusoma maandishi yake.

Kisha tazama kinachofuata ngazi hiyo. Ikipanda hadi 2 na kubaki, kebo imekatika, ama kwenye waya wa kati ama kwenye wavu. Ikishuka hadi sifuri, imegusana. Ikibaki palepale, mwisho umelingana. Kati ya hizo kuna alama ndogo ndogo, na hizi ndizo zenye utamu.

Kinundu kifupi cha kwenda juu, kisha mstari ukarudi kwenye kimo chake, ni indaktansi: mara nyingi konekta ambayo wavu wake umesukwa kuwa mkia mrefu kabla ya kulehemiwa, au waya wa kati ulioachwa uchi sentimita kadhaa. Kishimo kifupi cha kwenda chini ni kapasitansi: kebo iliyobanwa, kona kali mno, au kifaa kilichochomekwa katikati ya njia. Mstari ukishuka na kubaki chini kwa urefu wa kipande kizima, shuku maji. Maji hubeba uga wa umeme mara 80 hivi kuliko hewa, kwa hiyo yakiingia kwenye kihami yanaongeza kapasitansi na kuvuta impedansi chini. Kishimo cha maji kingo zake huwa za mteremko, kwa sababu maji hutambaa. Kishimo cha msumari kina kingo kali. Na mstari unaopanda taratibu bila ngazi yoyote ni ukinzani wa shaba yenyewe ukijikusanya. Huo ni wa kawaida, uache.

Umbali unapatikana kwa kugawa muda wa kwenda na kurudi kwa mara mbili ya muda wa mita moja. Mwangwi uliorudi baada ya nanosekunde 187 kwenye RG-58 unatoka mita 18.7. Lakini ukiwa na kebo ya povu na ukatumia hesabu ya plastiki ngumu, utakosea: kwa nanosekunde 4 kwa mita, mwangwi huohuo unatoka mita 23.4. Kama kebo imefukiwa, hiyo ni tofauti ya kuchimba shimo lisilo na kitu. Njia ya salama ni kuchukua kipande cha kebo ileile ambacho urefu wake umeupima kwa futi, ukiache wazi mwishoni, na kusoma kasi yake kwenye skrini.

Mambo mawili ya tahadhari. Osiloskopu ya megahezi 100 ina muda wake wa kupanda wa nanosekunde 3.5, kwa hiyo kasoro mbili zilizo karibu kuliko sentimita 35 hivi zitaonekana kama moja. La pili, kasoro kubwa iliyo karibu hutengeneza miangwi ya uongo nyuma yake, kwani wimbi hudunda kati yake na mwisho wa kebo. Kwa hiyo tengeneza kwanza kasoro iliyo karibu nawe, kisha tazama upya. Nusu ya “kasoro” za mbali hupotea zenyewe.

Hatua ya 6: Chagua dawa inayolingana na njia yako

Ikiwa njia inatoka kwenye chanzo kimoja kwenda kwa mpokeaji mmoja aliye mwisho, weka rezista ya mfululizo kwenye chanzo. Kwa chipu yetu ya omu 25, rezista ya 25 inafikisha 50. Wimbi la volti 1.65 linaondoka, linafika mwisho na kujizidisha kuwa 3.3 kamili, na mwangwi ukirudi unakuta chanzo kimelingana, unaishia hapo. Haitumii umeme wowote wakati ishara imetulia, ndiyo maana naipenda kuliko nyingine zote. Dukani utapata 22 au 27, na inatosha. Omu za ndani za chipu zenyewe hubadilika kati ya kupanda na kushuka, kwa hiyo kutafuta usahihi wa omu 1 ni kupoteza muda. La muhimu ni rezista ikae milimita chache tu kutoka mguu wa chipu.

Kasoro ya njia hii ni kwamba mtu aliye katikati ya waya anaona nusu ya volti mpaka mwangwi upite kwake. Kama kuna wapokeaji njiani, hamisha rezista iende mwisho, kutoka kwenye ishara hadi ardhi, iwe sawa na impedansi ya kebo. Wote njiani wataona wimbi safi. Gharama yake ni mkondo: volti 3.3 kwenye omu 50 ni miliampea 66, mzigo ambao chipu nyingi ndogo haziuwezi. Unaweza kuigawa kwa rezista mbili za omu 100, moja kwenda kwenye umeme na moja kwenda ardhini. Au unaweka kapasita mfululizo na rezista ili mkondo usipite ishara ikiwa imetulia.

Kwenye njia za pamoja kama RS-485 na CAN, ambako yeyote anaweza kusema, wimbi linaondoka pande zote mbili, kwa hiyo rezista za omu 120 zinakaa kwenye ncha zote mbili. Ncha mbili tu, haidhuru vifaa ni vingapi. Hapa multimita inapata kazi: zima umeme, pima kati ya nyaya mbili za CAN. Ukisoma omu 60, uko sawa. Ukisoma 120, rezista moja haipo. Ukisoma 40, kuna mtu ameongeza ya tatu, pengine iliyojificha ndani ya kifaa kipya. Mitandao ya zamani ya kompyuta ya 10BASE2, iliyotumia koaksia nyembamba, ilikuwa na sharti hilohilo kwa omu 50. Mtu mmoja aking’oa kizibo cha mwisho, ofisi nzima inakosa mtandao.

Usigawe njia kwa matawi. Kebo ya 75 ikifungwa moja kwa moja kwenye kebo mbili za 75, wimbi linakuta 37.5, mgawo ni −0.333, na asilimia 11 ya nguvu inarudi. Tawi ambalo halijatumika, likiachwa wazi, ni baya zaidi. Tumia kigawanyi, au kama huna na ishara ni ya kutosha, rezista tatu za omu 25 zilizokutana kwenye nukta moja, kila moja ikielekea kebo yake. Kila upande utaona 75. Unalipa desibeli 6.

Hatua ya 7: Kwa wenye antena

Kipimo cha SWR (uwiano wa mawimbi yaliyosimama) kinaeleza mgawo uleule kwa sura nyingine. Mgawo wa 0.2 ni SWR ya 1.5, wa 0.333 ni 2, wa 0.5 ni 3. Chini ya 1.5, iache antena yako kwa amani. Kuna watu hupanda mlingoti kila wikendi wakitafuta 1.1, na wakiipata hakuna anayewasikia vizuri zaidi.

Jambo linalodanganya ni kebo mbovu. Fikiri kebo inayopoteza desibeli 6 kwa safari moja, na antena imedondoka kabisa, mwisho uko wazi. Wimbi linapungua desibeli 6 likienda na 6 likirudi, kwa hiyo linalofika kwenye kipimo liko desibeli 12 chini. Hiyo ni SWR ya karibu 1.7! Kipimo kinatabasamu na antena haipo. Kwa hiyo pima kebo peke yake kwanza: funga mwisho wake kwa mguso mfupi, tazama kwa kichanganuzi kama NanoVNA wimbi linarudi likiwa chini kwa desibeli ngapi, gawa kwa mbili. Hizo ndizo desibeli ambazo kebo inakula.

Wapo wanaokata kebo kidogo kidogo ili SWR ishuke. Kukata hakubadilishi kutolingana kwa antena na kebo, kunabadilisha tu impedansi inayoonekana upande wa transmita. Ikiwa usomaji wa SWR unarukaruka kwa kubadili urefu, mara nyingi kuna mkondo unaotembea nje ya wavu. Zungusha kebo mara kadhaa kwenye pete ya feraiti karibu na antena, kisha pima tena.

Pale ambapo mzigo unajulikana na masafa ni mamoja, kipande cha kebo chenye urefu wa robo ya wimbi hufanya kazi ya upatanishi. Kati ya kebo ya 50 na antena ya 100 unahitaji kipande chenye √(50 × 100), yaani omu 70.7, na kebo ya 75 inakaribia vya kutosha. Kwa megahezi 146, robo ya wimbi hewani ni sentimita 51.3. Zidisha kwa 0.66, ukate sentimita 33.9 kutoka wavu hadi wavu. Ukihama mbali na masafa hayo, upatanishi unaharibika. Kwa kutazama uharibifu huo, chati ambayo Phillip Smith aliichapisha 1939 bado haina mpinzani, na vichanganuzi vya leo huichora vyenyewe kwenye skrini.

Hatua ya 8: Pima upya na uhifadhi picha

Rudisha T, rudisha jenereta, tazama tena kwa mipangilio ileile ya skrini. Unatafuta ngazi moja iliyokaa sawa, na pale mwisho ulipo, kama kuna kinundu, kisizidi sehemu ndogo ya ngazi. Kwa ishara za lojiki, mwangwi wa asilimia 10 kwa kawaida hauna madhara, wa 30 unadai kazi zaidi. Kisha ondoa jenereta, rudisha vifaa halisi, na uweke probu kwenye mguu wa mpokeaji wa mwisho kabisa, ukitumia waya wa ardhi mfupi iwezekanavyo, kwa sababu ule waya mrefu wenye kibanio cha mamba huleta kuyumba kwake wenyewe na utadhani kazi yako haijakamilika.

Picha ya kebo ikiwa nzima ihifadhi pamoja na tarehe, urefu na kasi uliyoipima, na kwenye ncha ya kebo bandika karatasi yenye impedansi yake na nanosekunde kwa mita.